Domeni Yako Imeandikwa kwa Jina la Nani?

Kuna ujumbe unaozunguka katika makundi ya WhatsApp ya wafanyabiashara hapa Kisumu. Nimetumiwa mara tatu, na watu watatu wasiojuana. Unasema majina mapya ya intaneti yanafunguliwa 2026, kwamba atakayelala ataamka akute jina la biashara yake limekwenda na wageni, na kwamba yupo wakala wa kukushikia nafasi ukimtumia ada kidogo kwa M-Pesa. Habari iliyozaa ujumbe huo ni ya kweli. ICANN, shirika linaloratibu majina ya intaneti duniani, lilitangaza duru mpya ya maombi ya mikia, yaani kile kipande kinachokuja baada ya nukta ya mwisho, kama .com, .africa au .shop. Duru hiyo ilipangiwa kuanza Aprili 2026, na iliyotangulia ilikuwa ya 2012. Lakini anayeomba katika duru hiyo haombi jina. Anaomba mkia mzima, aumiliki na kuuendesha, na ada ya ombi moja ni dola 227,000. Muuza mitumba wa Kibuye hana cha kuwahi pale, na anayemwambia atume pesa ili ashikiwe nafasi anamdanganya.

Naandika kwa sababu hofu hiyo imewapeleka watu kulinda mlango usio wao huku wa kwao ukiwa wazi. Kinachowapotezea wafanyabiashara wa huku majina yao ni kitu cha karibu zaidi kuliko mgeni wa ng'ambo. Majina ya tovuti zao, yaani domeni, waliyokwisha kuyalipia, tena kwa miaka, yaliandikwa tangu siku ya kwanza kwa mtu mwingine na kwa barua pepe ya mtu mwingine. Ukiniuliza .com au .co.ke, jina refu au fupi, la Kiingereza au la Kiluo, nitakujibu, lakini hayo ni maswali ya pili. La kwanza ni hili: daftarini pameandikwa nani, na barua ya kumwarifu inafika wapi?

Tuanze na neno tunalolitumia vibaya sote, kununua. Domeni hainunuliwi. Inakodiwa kwa mwaka mmoja au zaidi, na .com haikodiwi zaidi ya miaka 10 kwa mkupuo. Kila mkia una daftari lake kuu. La .com linatunzwa na kampuni ya Marekani iitwayo Verisign, na la .ke linatunzwa na KeNIC kule Nairobi. Hao hawakuuzii wewe moja kwa moja. Kati yenu kuna wasajili waliopewa idhini, chini ya wasajili mara nyingi kuna mawakala, na chini ya mawakala kuna yule kijana aliyekutengenezea tovuti. Pesa yako inapanda ngazi hizo zote, na mwisho wa safari unaandikwa mstari mmoja tu: jina fulani, mwenyewe fulani, barua pepe fulani, tarehe fulani ya kuisha. Tovuti yenyewe, na picha zake na rangi zake, ni nyumba. Mstari ule ndio hati ya kiwanja.

Na habari ya hati, watu wa Nyanza na Magharibi hatuhitaji kufundishwa. Hakuna atakayenunua kiwanja Mamboleo au Riat akakubali dalali aandikwe kwenye hati eti kwa sababu dalali ndiye anayejua njia ya ofisi ya ardhi. Ataomba nakala ya hati, atalipia upekuzi wa rejesta, atataka kuwaona wazee na majirani wa mpaka. Tumezika wazazi, kisha tukakaa mahakamani miaka kwa sababu shamba lilibaki kwa jina la babu. Umakini huo wote unayeyuka tukifika kwenye domeni, na sababu ninayoiona ni bei. Domeni ya .co.ke inalipiwa kwa mwaka karibu bei ya kuku mmoja wa kienyeji, na hakuna anayeandikiana mkataba kwa ajili ya kuku. Tunapima thamani ya jina kwa ada ya kulisajili, wakati thamani yake ni wateja waliokwisha kulizoea.

Hata jina la nchi yetu limewahi kupitia swali hilohilo. Mkia wa .ke ulipokabidhiwa 1993, haukuwa mikononi mwa taasisi kama ilivyo leo. Aliyeandikwa msimamizi upande wa Kenya alikuwa Shem Ochuodho, mtaalamu wa kompyuta aliyekuja kuwa mbunge wa Rangwe, na kazi ya kiufundi ilifanywa kwa kujitolea na Randy Bush, mhandisi wa Marekani. Ilikuwa kazi ya heshima, iliyofanywa wakati wachache sana hapa nchini waliijua. Lakini wadau wa Kenya walipounda KeNIC ichukue jukumu hilo, haikutosha wao kutaka. Ilibidi rekodi ya juu, ile iliyo chini ya ICANN, ibadilishwe rasmi, na idhini ikatoka mwishoni mwa 2002. Ikiwa nchi nzima haikuweza kusema tu "hili ni letu" ikakabidhiwa, mwenye duka Oginga Odinga Street ataweza vipi?

Niliona jibu la swali hilo kwa macho yangu mwaka jana. Niliketi na mama mmoja anayeshona sare za shule karibu na soko la Jubilee, mama anayepokea oda hadi za Siaya na Vihiga. Tovuti yake ilikuwa imezimika, na mahali pake palikuwa na ukurasa wa matangazo. Nyuma yake kwenye rafu kulikuwa na mifuko ya kitambaa, kwa kuwa ya plastiki ilipigwa marufuku 2017, na kila mfuko ulichapwa kwa buluu anwani ya tovuti hiyo chini ya picha ya sweta. Alinionyesha jumbe za M-Pesa kwenye simu, Sh1,500 kila Januari kwa miaka mitatu, zote kwa kijana aliyemtengenezea tovuti. Januari ya nne hakuna aliyemkumbusha. Nilitafuta rekodi. Jina la mwenyewe halikuonekana, maana siku hizi taarifa za mwenye domeni nyingi hufichwa, lakini hali yake ilionekana wazi: muda ulikuwa umeisha na jina lilikuwa katika kipindi cha kukombolewa, yaani bado lingeweza kurudishwa kwa ada.

Tukampigia kijana, ambaye sasa yuko Doha. Alipokea mara moja, na nilivyomsikia, aliumia kuliko mama mwenyewe. "Mama, niliandikisha kwa jina langu ili iwe haraka," alisema, "na barua pepe ilikuwa ile ya chuo." Alikuwa amehitimu, chuo kikafunga akaunti. Hapo ndipo kamba ilipokatikia. Kila tulipojaribu kuingia, mfumo ulituma nambari ya uthibitisho kwenye sanduku la barua lisilokuwepo. Msajili, kampuni ya ng'ambo, alitaka kitambulisho cha mwenye domeni na maombi yatoke kwenye barua pepe iliyoandikwa. Mama akatuma cheti cha biashara, kibali cha kaunti, jumbe za M-Pesa. Hakuna hata kimoja kilichokuwa na jina lililo daftarini. "Huyu ni nyathina, mwanangu, hajaniibia," mama alisema juu ya kijana, na alisema kweli. Kijana naye akatafuta stakabadhi zake kutoka Doha, akakawia siku kadhaa, na siku za ukombozi zikaisha. Jina lilipoachiwa likachukuliwa papo hapo. Leo ukiliandika unafika kwenye ukurasa wa kamari.

Katika mkasa huo hakuna mwizi, na ndiyo maana naung'ang'ania. Msajili yule, kwa maoni yangu, hakukosea. Angemjuaje mama huyu na kumtofautisha na tapeli anayedai jina la mtu? Mwaka 1994 Mmarekani aitwaye Gary Kremen alisajili jina moja la .com lililokuja kuwa na thamani kubwa sana. Mwaka uliofuata mtu mwingine alimpelekea msajili barua ya kughushi, na msajili akalihamisha jina bila kumuuliza mwenyewe. Kesi ilikwenda miaka, hadi 2003 mahakama ya rufaa ikashikilia kwamba jina la domeni ni mali na kwamba msajili aliyelitoa ovyo anaweza kuwajibishwa. Ukali wa wasajili unaeleweka ukijua wanaweza kupelekwa kortini kwa kumwachia asiyestahili. Kufuli iliyomfungia nje mama wa sare ndiyo hiyohiyo inayomlinda mwenye jina halali dhidi ya tapeli. Funguo zake ni mbili tu, jina lililoandikwa na barua pepe iliyoandikwa.

Barua pepe hiyo nitaikalia kidogo, kwa sababu ni kitu kidogo kinachobeba mambo yote. Kwa mikia ya kimataifa, kanuni za ICANN zinamtaka msajili akutumie ukumbusho karibu mwezi mmoja kabla ya domeni kuisha, mwingine karibu wiki moja kabla, na mwingine ndani ya siku 5 baada ya kuisha. Mara tu unaposajili, anatakiwa pia kuhakikisha kwamba mawasiliano yako ni ya kweli, na usipobonyeza kiungo alichokutumia ndani ya siku 15 anaweza kulisimamisha jina. Ukisikia tovuti mpya imekufa wiki ya tatu, uliza kwanza kama kuna barua iliyolala mahali bila kufunguliwa. Domeni ya .com ikiisha, msajili anaweza kukupa hadi siku 45 za kulipia kwa bei ya kawaida, ingawa wengi hawakupi zote. Kisha zinakuja siku 30 za kukomboa, kwa ada inayoweza kuwa mara kadhaa ya ile ya mwaka, halafu siku 5 za kufutwa. Ni muda mrefu kwa anayepata barua. Kwa asiyezipata ni kama haupo. Kusahau hakuchagui mdogo: Krismasi ya 1999 huduma ya barua ya Hotmail iliyumba kwa sababu Microsoft ilikuwa haijalipia domeni ya passport.com, na mwanaprogramu mmoja, Michael Chaney, akailipia dola 35 kutoka mfukoni mwake. Microsoft ilibahatika kwamba jina lilibaki lake, hata aliyelilipia akiwa mwingine.

Sasa niwasikilize wenye hoja tofauti, na nianze na vijana wenyewe, mafundi wa tovuti. Wanatoka Maseno, Masinde Muliro, Egerton, polytechnic ya Kisumu, na nimekaa na baadhi yao. Wanasema mteja hana barua pepe anayoifungua. Ile aliyonayo alifunguliwa dukani siku aliponunua simu, na nenosiri lake hajui. Wanasema mteja hana kadi ya benki ya kulipia ng'ambo. Wanasema, na hapa sauti hupanda, kwamba mteja hulipa nusu, tovuti ikishaonekana hapokei simu, na domeni iliyo kwa jina la fundi ndiyo dhamana pekee aliyonayo mtoto wa watu aliyekesha usiku kucha akifanya kazi. Hoja ya kadi imekwisha, kwa kuwa wasajili wa hapa nchini wanapokea M-Pesa. Ya barua pepe inatibika kwa nusu saa: mfungulie mteja akaunti kwenye simu yake mwenyewe, kwa nambari yake mwenyewe, naye awepo.

Hoja ya deni ndiyo yenye uzito, na siipuuzi. Ni kweli vijana wetu wanadhulumiwa. Lakini tazama jinsi fundi wa gari wa Kondele anavyofanya. Akishatengeneza gari, hukataa nalo hadi alipwe, na hakuna anayemlaumu. Hata siku moja hajaandikisha gari la mteja kwa jina lake ili awe na uhakika wa kulipwa. Fundi wa tovuti naye ana cha kukataa nacho, mafaili ya tovuti, kurasa alizobuni, kazi ya mikono yake. Hayo ayashikilie hadi senti ya mwisho. Jina lilikuwa la mama kabla kijana hajazaliwa; lilikuwa juu ya mlango wa duka lake. Na kulishikilia hakumfai hata kijana, maana siku domeni ikitumika kwa utapeli akiwa Doha, ni jina lake litakaloulizwa.

Wapo wanaosema sheria itatusaidia. Kenya ina Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mtandaoni ya 2018, na kifungu chake cha 28 kinamtia hatiani anayechukua au kutumia kwenye mtandao jina la biashara, alama ya biashara au domeni ya mwingine bila idhini wala haki. Adhabu ni faini isiyozidi Sh200,000, au kifungo kisichozidi miaka 2, au vyote viwili. Ni kifungu kizuri. Lakini soma tena yale maneno, bila idhini. Fundi uliyemtuma mwenyewe, ukamlipa mwenyewe, atasema idhini ulimpa, na ukweli wa kwamba hukumwambia aandike jina lake utabaki kuwa neno lako dhidi ya lake. Kwa .com kuna pia utaratibu wa usuluhishi wa ICANN uliopo tangu 1999. Humo mlalamishi anathibitisha mambo matatu: kwamba jina linafanana na alama yake ya biashara, kwamba aliyelishika hana haki nalo, na kwamba alilisajili na kulitumia kwa nia mbaya. Ukilipeleka WIPO, shirika la Umoja wa Mataifa la miliki bunifu, mbele ya msuluhishi mmoja, ada inaanzia dola 1,500. Nani kati ya washonaji wetu amesajili alama ya biashara KIPI, ofisi ya serikali ya kusajili alama hizo, na nani ana dola 1,500 za kugombea jina analolilipia Sh1,500?

Hapo ndipo wengine hujikwaa kwa namna nyingine. Wanaamini kwamba kwa kuwa walisajili jina la biashara kwa eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, domeni ya jina hilo imewekwa kando ikiwasubiri. Haikuwekwa. Jina la biashara, alama ya biashara na domeni ni madaftari matatu, katika ofisi tatu, na hakuna hata moja linalouliza jingine kabla ya kuandika. Katika domeni anayefika kwanza ndiye anayeandikwa.

Hoja ya wale wasiotaka domeni kabisa naiheshimu kuliko wengi wanavyodhani. Muuza samaki wa Dunga mwenye WhatsApp, picha za ngege walioingia asubuhi na nambari ya Lipa na M-Pesa, anauza, na simwambii aongeze gharama. Ila ajue amejenga kwenye kiwanja cha kupewa. Tarehe 4 Oktoba 2021 Facebook, Instagram na WhatsApp zilizimika kwa karibu saa sita dunia nzima, na waliokuwa na Telegram kama duka walikatikiwa hapa Kenya wakati wa mitihani ya KCSE ya 2023 na 2024. Anayeweza kuvumilia siku kama hizo, avumilie. Shule, sacco, hospitali au mtu anayepokea oda za maandishi hawezi.

Hoja dhaifu kuliko zote ndiyo ninayoisikia mara nyingi zaidi: ni jina tu, likipotea nitachukua jingine. Anayesema hivyo anafikiri domeni ni kibao cha mlangoni. Kumbe ni sanduku la posta pia. Ukiwa na domeni, kwa kawaida una barua pepe juu yake, ile ya ofisi, na hiyo ndiyo uliyoiandika iTax, benki, eCitizen, kwenye ukurasa wako wa Facebook na kwa wateja wako wakubwa. Domeni ikimwangukia mtu mwingine, barua zote zinazoelekezwa huko zinamfikia yeye. Hahitaji kudukua chochote. Anaweka seva ya barua ipokee kila kitu, kisha anakwenda kwenye huduma moja moja na kubonyeza pale palipoandikwa umesahau nenosiri. Kiungo cha kuweka nenosiri jipya kinaletwa kwake. Mkuu wa shule atakayetuma oda ya sweta 300 atajibiwa kwa adabu, kwa anwani anayoifahamu, na kupewa akaunti mpya ya benki ya kulipia. Mama wa sare aliponisikia nikieleza hilo aliacha kushona. Tulitumia alasiri nzima kuondoa anwani ile ya zamani mahali pote tulipokumbuka, tukianza na KRA, mamlaka ya kodi.

Kwa hiyo ushauri wa kukimbilia mikia kumi ili kujilinda hauna mashiko. Duru ya 2012 ilileta mikia zaidi ya elfu moja, na ya 2026 italeta mingine. Hakuna ua utakaozunguka yote hiyo, na kila mkia unaouongeza ni tarehe nyingine ya kusahau. Mingi huuzwa mwaka wa kwanza kwa bei ya kuvutia kisha mwaka wa pili ikapanda mara kadhaa. Soma bei ya kulipia upya, hiyo ndiyo bei. Kwa biashara ya huku, .co.ke au .ke, na .com ikiwa una wateja wa nje, inatosha. Shule ichukue .sc.ke, ambayo hupewa shule tu, na mzazi akiiona ajue kuna aliyekagua. Kuhusu domeni za bure, wengi tuliojifunza kutengeneza tovuti tulianza na .tk, .ml au .ga za kampuni ya Freenom. Kwa masharti yake, mtumiaji wa domeni ya bure alikuwa na ruhusa ya kuitumia tu, mwenyewe akiwa ni kampuni. Meta, kampuni mama ya Facebook, ilipoishtaki Freenom 2023, usajili mpya ulisimama, na mwaka uliofuata kampuni ikatangaza kuachana na biashara hiyo. Ni swali lilelile la hati, kwa sura nyingine.

Juu ya jina lenyewe nina neno moja kwa watu wetu. Domeni hupokea herufi, tarakimu na kistari, basi. Kipande kimoja kisizidi alama 63. Ng' ya Kiluo na ya Kiswahili haiingii. Lwang'ni itakuwa lwangni, na Nyang'oma itakuwa nyangoma, na mteja anayejua kuandika vizuri ataweka ile alama na kukukosa. Lisome jina lako kwa simu kwa mtu wa Nakuru asiyejua Kiluo, mwambie aliandike, kisha uone alichoandika.

Kinachonishughulisha zaidi ni kwamba tatizo hili litakua, na litakua kwa sababu ya jambo jema. Vijana wanafundishwa kazi za mtandaoni kwa wingi, kupitia mpango wa serikali wa Ajira Digital na vyuo vyetu, na kutengeneza tovuti kumekuwa kazi ya siku mbili. Kisumu na Nakuru ni majiji, Eldoret imejiunga nayo 2024, na biashara zinazoandikishwa ni nyingi. Kila kijana anayefuzu akiwa amejifunza kupanga kurasa bila kujifunza kumwandika mteja kama mwenye domeni, anakwenda kuacha nyuma yake majina ishirini, thelathini, yaliyofungwa kwa barua pepe atakayoisahau. Hatakuwa na nia mbaya. Atapata kazi Nairobi au Doha, atabadilisha laini, na maisha yataendelea. Somo lenyewe ni la saa moja. Walimu walitie kwenye mafunzo kabla ya somo la rangi na picha. Kaunti nazo zina meza ambapo kila mfanyabiashara hufika kila mwaka kulipia kibali. Karatasi moja pale, kwa Kiswahili na kwa Kiluo au Kiluhya, yenye maswali matatu juu ya nani ameandikwa, barua inafika wapi na tarehe ya kuisha ni lini, ingewafikia watu ambao makala haya hayatawafikia.

KeNIC ina sehemu ya kazi pia. Wasajili wake wanajua, kuliko mtu yeyote, ni akaunti zipi zenye domeni nyingi za biashara tofauti zilizoandikwa kwa barua pepe moja. Hao ni mafundi na mawakala. Wakitakiwa kuweka nambari ya simu ya mwenye biashara yenyewe na kumtumia ujumbe mfupi domeni inapokaribia kuisha, ukumbusho utafika mahali watu wa huku wanapoangalia, yaani kwenye simu. Barua pepe kwetu ni ya ofisini. Ujumbe wa simu unasomwa sokoni.

Ikiwa una domeni, uliza leo, fundi wako akiwa bado anapokea simu. Mwambie akuonyeshe, kwenye skrini, jina lililo kwenye sehemu ya mwenyewe na barua pepe iliyo chini yake. Ikiwa si zako, aombe kubadilisha, na akupe msimbo wa uhamisho ikiwa unataka kuhamia kwa msajili mwingine. Ukibadilisha mwenyewe wa .com, jina linaweza kufungwa lisihamishwe kwa siku 60, kwa hiyo usingoje hadi mwezi wa kuisha. Fundi mwema hatakasirika. Wengi niliowauliza walifurahi kutua mzigo.

Mama wa sare ana jina jipya sasa, la .co.ke, alilolilipia kwa simu yake akiwa amekaa kwenye kiti chake. Nenosiri limeandikwa kwa kalamu katika daftari lile lile la vipimo vya mikono na viuno, na tarehe ya kuisha iko kwenye kalenda ya ukutani, imezungushiwa wino mwekundu, mwezi mmoja kabla. Mifuko ya zamani ilibaki mingi. Jioni, wateja wakipungua, yeye na binti yake hukaa nayo mapajani, wakibandika karatasi yenye anwani mpya juu ya ile ya buluu, mfuko mmoja baada ya mwingine.